Diriye Samatar na Neno la Ami Yake

Wasikilizaji wapendwa, mkuu wetu wa mkoa wa El Garas, Diriye Samatar Guled, alizikwa jana baada ya alasiri. Narudia: Diriye Samatar Guled, yule tuliyemwita Dhego kwa ukubwa wa masikio yake, hatunaye tena.

Baba yake alifariki angali mdogo. Akalelewa, yeye na dada yake Ebla, na ami yao, mzee Hirsi. Mzee alimfundisha kutaja mababu ishirini, na asiyewataja hapati maziwa. "Wa kumi na moja alikuwa akimsahau," asema Ebla. "Mimi namnong'oneza, tunagawana kibuyu."

Alipopewa mkoa, alianza na amri moja. Ofisini utataja majina matatu tu: lako, la baba, la babu. La nne haliulizwi, maana hapo ndipo ukoo unapochungulia. Na kazi ni kwa mtihani.

Siku ya tatu akaja mzee Hirsi na mwanawe Liban, wakitaka Liban apewe kazi ya kulinda kisima. Mzee akaanza kutaja mababu. Kwenye jina la tatu karani akainua mkono.

"Inatosha, mzee."

"Inatosha? Una haraka ya kwenda wapi, we mwenye shingo ya mbuni? Dhego! Nilikufundisha ishirini, leo wanikata kwenye la tatu?"

"Ami, huyo wa nne ndiye anayekuja na bunduki."

Liban akaanguka mtihani. Kisima akapewa Rage, mwana wa mhunzi, watu ambao hatuwapi binti zetu. Mzee akasimama mlangoni, Ebla naye yupo hapo anasikia: "Basi uzikwe na hao wa mtihani."

Neno la mzazi hilo. Miaka minne, kila Ijumaa, Ebla alikwenda kumsihi mzee alitengue. Kila Ijumaa Diriye akimuuliza: "Ametengua?"

"Bado."

Jumanne moyo wa Diriye ukasimama. Ebla akamkimbilia ami yake: "Maiti anakungoja!" Mzee akageukia ukuta.

Walioingia kaburini ni Rage na yule karani. Liban, aliyekuwepo, alimsimulia Ebla: walimlaza polepole kama mtoto aliyesinzia, Rage akamfinyangia tonge la udongo chini ya shavu. "Neno lilitimia," asema Ebla. "Lakini kama hiyo ni laana, mimi sijui."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Ebla, na mjane, na watoto. Nawe uliyemwapiza nduguyo, jiulize unangoja nini.

Mzee Hirsi, twajua redio yako iko wazi. Pole sana, baba. Udongo bado mbichi. Nenda.