Bitekuteku ya Kaburini

Tulikuwa tukivuka mto kwa pirogi, mtumbwi wa moteri, kutoka Lubunga kwenda mjini. Mbele yangu mama mmoja alishika beseni la bitekuteku, mchicha ulionona kuliko wowote wa sokoni Mangobo. Aliyeketi kando yake, mwalimu wa biolojia mwenye chaki hadi kwenye kola, hakuweza kujizuia.

"Mama, hii mboga unalima wapi?"

"Ku makaburi, papa."

Mwalimu akacheka. Walimu hufurahi hata pasipofaa. "Voilà! Kule azote, ile mbolea ya udongo, iko mingi. Kuko vidudu, macho haiwezi kuviona. Vinakula kila kitu chenye kilikufa, vinageuza azote yake kuwa chakula ya mizizi. Hakuna kitu inapotea, mama. Bon, uniuzishie ile fungu kubwa."

"Ile siuzishi."

"Juu ya nini? Sababu gani?"

"Inatoka juu ya kaburi ya mutoto wangu, Victoire. Kule nafasi imeisha, wanazika mutu juu ya mutu. Nikapanda bitekuteku, waone ni shamba ya mutu, wasichimbe. Kila Jumapili ninapikia papa yake. Anasema iko tamu."

Mama alitazama fungu lake, kwa muda mrefu kuliko mboga inavyostahili.

"Donc, papa, ile vidudu ulisema... toka mwaka jana, sisi tunakula nani?"

Pirogi iligonga ukingo. Mwalimu alikuwa wa kwanza kushuka.