Fundi Aliyeomba Apewe Maiti ya Charlotte

Ndugu zangu wa karakana, kabla hamjaendelea: nawasihi, neno hata moja lisitoke kwenu. Msisome kwa sauti uani. Dirisha la Mkurugenzi liko wazi.

Mzee Herménégilde, fundi wetu wa mabati ya boti hapa bandarini Kalundu, anastaafu tarehe 31 Machi 1966, baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Anarudi kwao Makobola.

Kumi na saba kati ya hiyo alimpa Charlotte, boti yetu ya alumini. Alumini haishiki kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe kama wa muhogo, na chini ya unga mna vishimo kama mahindi yaliyoingiwa na fukusi. Mwaka 1963 askari waliosafiri na Charlotte waliacha maganda ya risasi chini ya sakafu yenye maji, na shaba ile ikaila alumini. Mzee aliyaokota, akawarudishia kikapu kizima, akawaeleza kwa upole kuwa wamempiga risasi mwanamke asiye na kosa.

Brashi ya Charlotte ilifungwa kitambaa chekundu kuwa alama, isiguse chuma, kwani chembe za chuma nazo huila alumini. Siku kijana wetu Modeste aliposugulia nanga nayo, aliamriwa amwombe Charlotte radhi mbele yetu sote. Aliomba.

Mei 1964 waasi walikuja kuitwaa boti. Walimkuta Charlotte juu ya magogo, amejazwa maji mpaka ukingoni, anavuja kila upande. Ndivyo Mzee anavyotafuta matundu: panapotona, anatia alama ya mkaa.

“Weye fundi, boti gani hii munanywesha maji?” mkubwa wao aliuliza.

“Iko mugonjwa, chef. Minye namupima.”

Mkubwa akataka karatasi ya kuwaonyesha wakuu wake. Mimi, karani wenu, nikapiga chapa: “Charlotte amekufa, hatengenezeki.” Nikagonga muhuri. Wakaondoka.

Mzee alikata palipooza, akabandika viraka vya alumini, akavipiga ribiti. Tangu hapo Charlotte, angali juu ya magogo, akijazwa maji havuji hata tone. Lakini nakala ya karatasi ile ilibaki kwenye faili, nami sikuthubutu kuifuta. Mwezi uliopita Mkurugenzi mpya aliisoma, akaagiza marehemu akatwe, ayeyushwe, awe sufuria. Kusema kweli kungekuwa kuungama muhuri wangu. Nilimwendea Mzee nikilia.

Hakunigombeza. Alivua kofia, akaingia kwa Mkurugenzi, akaomba apewe maiti badala ya saa ya ukutani tuliyomchangia.

“Maiti ya nini, Mzee?”

“Nimemuzoea, chef.”

Mkurugenzi alicheka mpaka akatoa miwani, akatia sahihi.

Jumamosi Charlotte atashuka majini. Njooni kusukuma, msishangilie.

Mzee, asante kwa mikono yako, na kwa ajira yangu. Uzeeke salama Makobola, na sakafu ya boti yako iwe kavu siku zote.

Mwenye neno nami asije ofisini. Aende Kavimvira kwa Mama Apolline, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, anunue fungu moja, aseme ametumwa na brashi nyekundu. Jina langu asilitaje, Mama analijua.