Nzi wa Michungwa ya Bondeni

Mgeni rasmi, Bwana Mkurugenzi wa Mashamba, sisi wanawake kumi na wanne tunaokung'uta michungwa tunakusalimu kwa heshima. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyekufikisha salama, na matope yale. Karibu ukae. Kiti hicho ni imara, tumekijaribu.

TULIKOTOKA
Kazi yetu ni kutandika turubai chini ya mchungwa, kukung'uta matawi na kuokota fukusi wanaoanguka. Fukusi hula majani, na watoto wao hula mizizi ardhini mpaka mti unakauka umesimama. Kwa miaka mitatu tuliwachoma moto kila jioni.

TULICHOGUNDUA
Mwaka jana mimi ninayesoma risala hii nilisahau kopo la fukusi nyuma ya mlango wa stoo. Msimamizi alipoliona akanigombeza: "Mama, sasa unafuga wadudu?" Wenzangu wakadakia: "Muulize anawakamua saa ngapi!" Tulipolifungua, fukusi wengi walikuwa maganda matupu, na nzi wadogo wa kijivu wakaturukia usoni. Nzi hao hutaga kwenye fukusi, kisha buu humla kutoka ndani. Kumbe tulikuwa tukichoma wezi pamoja na askari. Tangu hapo naitwa Mama Kopo, nami nimekubali.

Sasa hatuchomi. Tunawatia fukusi kwenye ndoo iliyofungwa wavu: nzi anapita, fukusi hapiti. Kule bondeni, mti uliokuwa ukiangusha fukusi arobaini sasa unaangusha sita au saba. Upande wa juu bado hatujui, na hatutaki kusema uongo.

KINACHOTUKWAZA
Ofisini limebandikwa tangazo kwamba Jumatatu dawa itapulizwa shamba zima. Dawa haichagui. Itaua fukusi walio juu ya miti, na nzi wetu pamoja nao. Walio ardhini watatoka baadaye, na hawatamkuta nzi hata mmoja.

OMBI LETU
Tunaomba bonde liachwe bila dawa hadi mavuno. Kila Ijumaa tutahesabu fukusi mbele ya msimamizi. Wakizidi ishirini kwa mti, pulizeni, na mabomba ya dawa tutabeba sisi wenyewe.

Mbele yako ipo ndoo moja ya fukusi, tuliyoifunika mfuniko juu ya wavu ili nzi wakusubiri. Ratiba inasema utaondoa mfuniko ili nzi watoke. Bwana Mkurugenzi, kama neno la Jumatatu halibadiliki, tafadhali usiufungue. Tutairudisha nyuma ya mlango wa stoo.

Mwenyezi Mungu auongoze mkono wako.

Ni sisi,
Wakung'utaji wa Bondeni