Pepo Aliyetaka Baiskeli

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni kwa nguvu, maana mwenzenu nimetoka Kitangari asubuhi hii kwa baiskeli na miguu bado inatetemeka. Nawaona kina mama wa nyuma mnatazamana. Ndiyo, ni ile iliyoegemezwa hapo nje. Kwa ajili yake nimeomba nafasi ya kusimama.

Mimi ni Mama Stela. Kwetu ni Lisekese, huko chini Masasi, nikaolewa Kitangari. Maisha yangu yalikuwa ya kawaida tu: shamba, korosho, na maji. Maji ya kwetu mnayajua. Yako bondeni, sisi tuko juu. Unashuka kukiwa na ukungu, unapanda jua limeshakuwa kali, na ukifika nyumbani shingo si yako tena.

Ndipo ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Zamani baiskeli ilikuwa ya bwana shamba na ya katibu, tena kwa kibali. Ghafla maduka ya Masasi yakajaa. Baba Stela, mume wangu, akauza korosho, akashuka Masasi, akarudi na baiskeli nyeusi, mpya, ina nailoni kwenye fremu. Tukaiegemeza ukutani chumbani kwetu. Mimi ndiye niliyekuwa naifuta vumbi. Kusema kweli, niliifuta hata siku isiyo na vumbi.

Ndugu zangu, hapo ndipo ndoto zilipoanza.

Zilinijia alfajiri, ule usingizi mtamu wa mwisho. Naona niko juu ya baiskeli, napita katikati ya mikorosho iliyochanua, ukungu umetanda chini hata njia siioni. Hakuna sauti yoyote, wala jogoo, wala pumzi yangu mwenyewe. Naenda tu, na mikorosho inanipisha. Nafika pale mlima unapokatika, unapoyaona mabonde mpaka Ruvuma, na sianguki. Naendelea juu ya ukungu, polepole, mwepesi, moyo umetulia. Nikiamka nakuta machozi yamelowesha kanga na sijui nililia nini.

Kumbe miguu ilikuwa inazunguka kitandani! Baba Stela ndiye aliyeniambia. Mwanzoni alicheka, kisha akaacha kucheka. Mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akasikia kitanda kinavyolia, akasema huyo ni pepo. Maneno yakatoka nje ya ua. Na watu wetu mnawajua, mtu anayesafiri usingizini humwita nani kama si mchawi? Bondeni wakaanza kunikwepa. Mwenye mtoto mchanga ananiona, anamfunika mtoto. Jamani, niliumia mimi! Nikaanza kuuogopa usingizi. Mchana natembea nimezubaa, naongea na mtu huku simsikii, ugali unaungua nimesimama hapohapo nautazama.

Mwisho ndugu za mume wangu wakakaa kikao. Wakaamua niombewe. Nisipopona, nirudishwe Lisekese kwa mama yangu, na Stela abaki kwao. Stela wangu ndiyo kwanza alikuwa ameacha ziwa.

Basi Jumapili, baada ya ibada, kina mama wa maombi wakanizunguka. Aliyewaongoza ni Mama Agnesi, mwanamke wa imani hasa. Mama mkwe alikaa kwenye mkeka, mume wangu akasimama mlangoni. Waliomba, ndugu zangu! Waliomba mpaka sauti zikakauka. Kisha Mama Agnesi akaniwekea mikono kichwani akauliza, kama mapepo yanavyoulizwa, "Wewe uliye ndani yake, ni nani? Unataka nini?"

Sasa desturi yetu wote tunaijua. Pepo akiulizwa hujibu. Hutaja jina lake, tena jina la mbali, na hutaja anachotaka, kanga mpya labda, au kuku mweupe, au viatu. Akipewa anatulia, na mwanamke anaendelea na maisha yake. Hakuna wa kumlaumu, maana si yeye aliyeomba.

Nikafumba macho, nikaingia ndani ya moyo wangu kumtafuta huyo anayeulizwa. Nilimtafuta kweli, maana nilitaka atoke, nibaki na mtoto wangu. Kulikuwa kimya, kuna ukungu, kama kwenye ile ndoto. Nikaita. Nikazunguka huko na huko. Sikumkuta mgeni yeyote, ndugu zangu. Nilijikuta mimi, nimeshika usukani.

Nikafumbua macho. Nikasema, "Ni mimi, Mama Stela. Nataka kuendesha baiskeli."

Mama Agnesi akaondoa mikono yake taratibu. Mmoja akaguna. Mimi natamani ardhi ipasuke inimeze. Ndipo mama mkwe akasema kutoka pale mkekani, "Angekuwa pepo, tungempa. Sasa ni wewe. Tufanyeje?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu ambaye kweli hajui.

Hapo ndipo Bwana alipoonekana! Baba Stela ni mtu wa aibu, mbele za watu hata salamu humtoka kwa shida. Siku ile aliondoka mlangoni, akapita katikati ya wale mama, akanishika mkono akaniinua.

"Mimi nilioa mtu," akasema. "Kesho atajifunza."

Na kweli kesho yake nikaanza. Mtu mzima, nyonga zimeshakomaa, namng'ang'ania mume wangu bega mbele ya kijiji kizima. Mchanga wetu wa Kitangari haumwonei mtu huruma. Nilianguka kulia, nikaanguka kushoto, nikaingia na baiskeli kwenye mihogo ya watu, kanga ikamezwa na mnyororo. Wapita njia wakanitania, eti Mama Stela mwambie pepo wako akaze breki. Nami nacheka nao huku natema mchanga. Habari za kunirudisha Lisekese zikafa zenyewe. Nani atamfukuza mwanamke kwa ugonjwa ambao kila mtu anauona ukiponea njiani?

Mpaka ikafika asubuhi moja ya ukungu, msimu wa mikorosho kuchanua, hewa yote inanukia. Nilishika kile kinjia kilichokanyagwa kikawa kigumu, na baiskeli ikakubali. Ikaenda! Nikasikia mnyororo unalia, majani makavu yanavunjika chini ya magurudumu, pumzi yangu inahema. Kwenye ndoto sikuwahi kusikia chochote. Nikapiga haleluya peke yangu huko mashambani. Tangu hapo nalala fofofo na miguu imetulia. Ile ndoto haikurudi. Nisiwafiche, mara mojamoja huwa naikumbuka.

Sasa nisikilizeni neno la mwisho, na mwenye neno hili amenipa ruhusa. Mwezi uliopita mama mkwe alisumbuliwa na macho, nikampakia kwenye keria nimpeleke zahanati. Penye njia ngumu napanda, penye mchanga nashuka nasukuma. Alikuwa amenishika kiuno. Mara nikamsikia mgongoni kwangu.

"Mama Stela, nilipoolewa hapa nilipandisha pepo. Akataka apelekwe kwetu, akamwone mama yangu. Wakampeleka."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Tukaenda kidogo.

"Alikuwa mimi," akasema.

Sikugeuka, maana ukigeuka unaanguka. Nilihisi tu mikono yake imenikaza, na gauni linaanza kulowa mgongoni. Ndugu zangu, bibi mzima mwenye wajukuu, miaka yote hiyo, na machozi yake kwa mama yake aliyazika kwa jina la mgeni!

Wewe uliyekaa hapo umenyamaza, nakusihi. Mungu anakujua, wala hahitaji umtume mwingine akusemee. Mwambie ni mimi, nataka hiki. Mtumaini, hatakukemea utoke. Mimi nilidhani nitafukuzwa, nikashikwa mkono.

Nisiwachoshe. Yule niliyempakia leo ni huyu hapa, anainuka. Naomba mumpishe aje mbele, macho yake bado hayaoni vizuri. Ana haja yake kwa Mungu, na amesema ataisema mwenyewe.