Kompyuta ya Maingi Yakaguliwa Kama Boma

Benchi yetu iko nje ya kibanda cha kahawa cha Wacera, hapa Umoja, ukuta mmoja na chumba ambacho Maingi anakiita koleji ya kompyuta. Koleji ina mashine moja, nasi humwita Maingi Prinsipo, yaani mkuu wa chuo, kwa kumhurumia. Asubuhi hiyo alitoka na uso wa matanga. Mwanafunzi wake wa kwanza anaanza saa nne, na programu ya kufundishia taipu imekataa kuingia. Mimi kompyuta siijui, lakini nilikuwa na kikombe mkononi, kwa hivyo nilikuwa na maoni.

— Imekataa aje? akauliza Naftaly, tunayemwita Jaji kwa sababu hukata kesi kabla ya kuisikia.

— Maze, akasema Maingi, kabla ijiweke ndani inakagua mashine kwanza. Hiki kiko? Ndio. Kile kiko? Ndio. Kufika kwa faili moja ya mambo ya skrini, ikasema hakuna, ikagoma.

— Hao ni wakwe wamekuja kuona boma, nikasema.

— Enhe! Na wakwe wakija si unaomba jirani tivi? akasema Jaji. Wanaona, wanakula kuku, wanaenda.

— Sasa faili nitaomba jirani gani?

— Si lazima ifanye kazi! akasema Jaji. Wacera, wakwe wakija kwenu, si mliweka boksi tupu la friji kwa kona?

— Tuliweka, akasema Wacera akimimina. Mjomba mmoja akasikia baridi yake, akaomba sweta.

— Umesikia, Prinsipo? Tengeneza faili tupu, uipe hilo jina. Mgeni hafungui friji ya watu.

Maingi akaingia mbio. Tukasikia vidole vikigonga, kisha ukelele:

— Imesema ndio! Wasee, imesema ndio!

Tukashangilia hadi kahawa ikamwagika. Jaji alisema hata yeye Jumatatu anaenda kuomba kazi ya udaktari, bora tu avae koti jeupe.

Halafu mashine ikaanza kulia. Maingi akarudi mlangoni taratibu.

— Imefungua faili, akasema. Skrini imejaa makosa tupu.

Hapo ndipo alipofika msichana mmoja, nywele zimesukwa upya, kalamu mbili mkononi.

— Habari zenu. Naitwa Raho, nimekuja kozi. Kompyuta iko tayari?

— Iko na kila kitu, dadangu, akasema Jaji haraka. Imekaguliwa ikapita.

— Haya. Na programu ya kunifundisha taipu iko wapi?

Maingi akasimama kuziba mlango. Mimi nikachungulia kikombe kilichokwisha. Jaji akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa patipati.