Mzee Laban Musembi, Aliyewalisha Kuku kwa Mwani

Familia inamtukuza Mungu aliyempa Mzee Laban Musembi miaka sitini na miwili, na hakuna mwaka hata mmoja aliouacha upite bure. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1926 huko Kangundo, Machakos, mtoto wa tatu wa marehemu Kioko na marehemu Ndinda.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1940 baba yake alipofariki. Alitoka na vitu viwili: kuisoma Biblia bila kukwama, na kuuliza "kwa nini", jambo ambalo walimu walimchapia na hakuliacha.

Mwaka 1948 alishuka pwani, akaajiriwa katika shamba la mkonge karibu na Vipingo. Alianza kwa kukata, akawa nyapara, akastaafu mwaka 1981 na kujenga nyumba Kuruwitu.

Tarehe 6 Desemba 1952 alimwoa Jedida Kanini, akamleta pwani. Bibi arusi aliiona bahari ikiwa imejaa asubuhi. Mchana akakuta maji yamekupwa hadi mbali. Akauliza, "Laban, nani ameyanywa?" Mzee alikisimulia kisa hiki kila Krismasi, na Mama Jedida alinuna kila Krismasi.

Kisha ukaja ukame wa mwaka 1984. Kina mama wa kanisa walikuwa na kuku sitini wa mayai, na Mzee ndiye mlezi wa kikundi chao. Mahindi yaliliwa na watu, na dagaa waliokuwa wakichanganywa katika chakula cha kuku wakaliwa na watu pia. Kuku wakaacha kutaga, wakaanza kudonoana manyoya. Kikundi kikaamua wachinjwe. Mzee akaomba wiki tatu.

Alikuwa amewaona mbuzi wake wakishuka ufuoni kutafuna mwani. Kwao Ukambani mbuzi hupelekwa kulamba udongo wa chumvi, nao hunenepa. Basi akasema chumvi ya mwani ni baraka juu ya baraka. Akauanika bila kuuosha, akautwanga, akawapa kuku wake mwenyewe sita ili kuwajaribu. Walikunywa maji kama wasafiri wa jangwani, wakaharisha, na wanne wakafa. Watu wakamwita Bwana Takataka. Alikwenda kuomba nyumbani, akatoka akiwa bado anauliza kwa nini.

Jibu alilipata kwa jirani, Bi Mwanasiti, mchuuzi wa samaki mwenye asili ya Lamu.

"Mzee Laban, kuku si mbuzi," alimwambia. "Mwani huoshwa kama mchele wa pilau, mpaka maji yatoke meupe. Wewe umewapikia pilau ya mchanga na chumvi, kisha wamlaumu Mungu."

Mzee akajibu kwamba hakumlaumu Mungu, alikuwa amemuuliza tu.

Maji ya kunywa yalikuwa adimu, lakini kisima cha zamani cha magadi, kisichonyweka, kilitosha kuoshea. Waliuchagua ule mwekundu, wakauosha, wakauanika, wakautwanga. Kibaba kimoja cha mwani kwa vibaba tisa vya pumba na machicha ya nazi. Siku ya tano kuku waliacha kudonoana. Siku ya kumi na sita yai likapatikana, kiini chake chekundu kama papai. Mzee alilipeleka kanisani mkononi, akalishika ibada nzima, na mchungaji akaahirisha mahubiri ili asikie. Hakuna kuku aliyechinjwa. Bwana asifiwe!

Hata hivyo wengi walisema ni bahati tu. Hilo lilimuuma kuliko jina la Takataka, maana aliamini Mungu ametandaza ufuoni chakula ambacho hakingojei mvua wala jembe. Bi Adhiambo, afisa wa mifugo, alichukua debe la mwani akalipeleka Nairobi lipimwe.

Mwaka 1987 Mzee akaanza kuugua moyo, miguu ikavimba. Tarehe 8 Septemba 1988, Mzee akiwa amelazwa hospitalini Kilifi, Bi Adhiambo aliingia wodini na barua akaisoma: mwani mwekundu uliooshwa na kukaushwa una protini kuzidi mahindi, na waweza kushika nafasi ya sehemu ya dagaa katika chakula cha kuku.

"Kwa hiyo wamekubali ni chakula?"

"Wamekubali, Mzee. Na wanauliza mliuosha vipi."

Alicheka hadi muuguzi akaja. "Waandikie wamuulize Bi Mwanasiti," alisema. Alimwomba airudie barua mara tatu. Alilala katika Bwana siku ya pili yake, alfajiri ya tarehe 9.

Ameacha mjane, Mama Jedida, watoto Easter, Mutua na Kalekye, wajukuu saba, Bi Mwanasiti, aliyemwita ndugu, na kina mama kumi na wanane ambao jana maji yalipokupwa walishuka na vikapu vyao, kwa kuwa kuku hawajui msiba.

Ee Bwana, mpumzishe mtumishi wako kwa amani.