Simu za Asubuhi: Kumuaga Mjomba wa Chumba cha Skrini

Leo ni Ijumaa, tarehe thelathini Septemba. Kwangu mimi ni mwaka wa thelathini na moja tangu niondoke kwetu. Kwa Mjomba ni siku ya mwisho ya miaka thelathini na nne ya uuguzi, ishirini na sita wodini na minane katika chumba chetu cha skrini. Mniwie radhi kwa kuziweka hesabu hizi mbili pamoja. Mtu aliyekaa ugenini muda mrefu huwa na ugonjwa wa kuhesabu, na mimi ugonjwa huo niliupatia kazi katika ofisi ya mafaili ya hospitali hii.

Jina lake kamili liko kwenye cheti atakachokabidhiwa mchana huu. Hapa tumwite kama tulivyozoea. Aliyempa jina la Mjomba ni bibi mmoja wa wodi ya upasuaji, mwenye miaka themanini na kitu na ulimi mkali, aliyewafukuza wauguzi wote waliomjia na sindano isipokuwa yeye. "Huyu ni ndugu wa mama yangu," alisema, "hana mkono wa kuniumiza." Mjomba wakati huo alikuwa na miaka thelathini. Bibi alipona, akaenda zake, jina likabaki.

Kwa wageni wetu wa leo, chumba cha skrini ni kile kilicho mwisho wa korido, mkabala na stoo ya mashuka. Wagonjwa wanaoruhusiwa kwenda kupona nyumbani huvalishwa kifaa mkononi, na wengine hubandikwa kiraka kidogo kifuani. Vifaa hivyo hupima mapigo ya moyo, oksijeni, joto la mwili na hatua mtu anazotembea, kisha namba zote hutufikia kwa mtandao. Namba ikivuka mpaka, kengele hulia.

Wagonjwa walikiita kifaa hicho bangili, na wazee wa kiume wakakataa kuvaa bangili. Mjomba hakubishana nao. Alivaa yake wiki nzima, akaenda nayo hata kwenye arusi ya mpwa wake. Jumamosi hiyo kengele ililia, mapigo mia na hamsini na mbili, na zamu nzima tukajua kwamba mtu huyu mtaratibu akisikia ngoma hajui kucheza kwa kiasi. Wazee walipopata habari, walicheka mpaka wakanyoosha mikono wenyewe.

Lakini kazi yake hasa ilikuwa simu. Kila asubuhi, kuanzia saa mbili, alimpigia mgonjwa mmoja mmoja. Alianza kwa salamu, tena salamu ndefu, ya nyumba nzima. Sote tunajua mtu wetu akisalimiwa hujibu nini: salama, nzuri, hatujambo, hata kama anaugulia maumivu. Mjomba aliipokea hiyo "salama", kisha akanyamaza. Baada ya kimya kidogo ndipo lilipokuja neno alilolisubiri: "Ila usiku mguu ulivimba." "Ila chakula hakipiti." Alikuwa akituambia, "Msikate simu kabla ya ila." Mimi nilimwelewa mapema, kwa sababu miaka yote hii jamaa zangu wa mbali hunijibu kwamba wote wazima, na nimejifunza kutokata simu.

Katika mwaka wa pili uongozi uliona saa hiyo ya simu ni muda unaopotea. Kengele zipo, za nini kuulizana hali? Alipewa mwezi mmoja kuonyesha faida yake. Mjomba hakuwa hodari wa kujitetea kwa maandishi. Ripoti yake, ninayo kwenye faili, ina mistari sita, na mmoja kati ya hiyo unasema: "Namba haziugui, watu ndio wanaougua." Aliambiwa hilo si jibu.

Ndipo akaja fundi cherehani. Alikuwa amepasuliwa moyo, akarudi nyumbani na bangili, na kwa siku nne namba zake zilikuwa nzuri mno. Mapigo yametulia, oksijeni imejaa, hatua elfu nne kabla ya saa nne asubuhi. Chumbani walimpigia makofi. Siku ya tatu Mjomba mwenyewe alitazama skrini kwanza, akafurahi, na simu aliyompigia ikawa fupi kuliko kawaida yake. Kosa hilo hakuwahi kulificha. Kila alipowafundisha wapya alianza na hilo.

Siku ya nne alipiga tena. Fundi akasema, "Salama, Mjomba." Akapumua. "Nzuri." Akapumua. "Kabisa." Kimya kikapita, na ila haikuja. Mtu aliyeshonwa kifua, hana hata dogo la kulalamikia! Mjomba akasema polepole, "Shemeji yupo? Hebu mpe simu aliyevaa bangili."

Upande wa pili mama mmoja akaanza kulia na kusema kwa mpigo mmoja, "Ninayo mimi, kaka yangu, ananigombeza nikimkataza kazi, anasema bangili itawalizia kengele kila akikaa kwenye cherehani, kaniambia nivae mimi, ana sare za shule za kumaliza." Hatua elfu nne zilikuwa za mke anayefagia, anayechota maji na kupika. Mapigo yaliyotulia yalikuwa ya moyo wake mzima. Mumewe alikuwa amevimba miguu, na maji yameingia mapafuni. Gari la wagonjwa lilimfikia baada ya dakika ishirini na tano. Aliishi, na suti anayovaa Mjomba leo ni kazi ya mkono wake.

Saa ya simu haikufutwa. Tangu siku hiyo Mjomba alikigeuza kiti chake, akawa anapiga simu akizipa skrini mgongo, na macho huyarudisha kwenye namba akishamaliza kusikia.

Mwaka huu, kustaafu kwake kulipokaribia, swali likafufuka. Je, simu hizi ni utaratibu wa hospitali, au ni tabia ya mzee mmoja anayeondoka nayo? Uongozi ulimwomba arudi kwa mkataba, asubuhi tatu kwa wiki. Sisi tulishangilia, yeye akakataa. Alisema akiendelea kukaa pale, wenzake watamwachia yeye masikio yao. Miezi minne ya mwisho aliwakabidhi simu wauguzi watatu na kujikalia koridoni, kwenye benchi karibu na stoo, mlango ukiwa wazi. Wiki mbili za mwisho mlango aliufunga.

Jumanne iliyopita Mama Pacha, mmoja wa wauguzi hao watatu, alizungumza na dereva aliyepasuliwa utumbo. Skrini haikuwa na neno. Dereva alisema salama, akasifu hewa, akauliza habari za watoto, na Mama Pacha akasubiri. "Ila dada," akasema mwishowe, "kidonda kinatoa harufu." Alirudishwa wodini siku hiyo hiyo. Jana mganga mkuu alitia saini ratiba mpya ya zamu, na saa ya simu imo, imeandikwa, haina jina la mtu.

Mjomba, wagonjwa elfu tatu mia mbili na sita wamepita mikononi mwako tangu chumba kifunguliwe, nimewahesabu mwenyewe. Kwa niaba yao na yetu, ahsante. Ukalale mpaka jua lipande, ukacheze arusini bila bangili, afya yako idumu na nyumba yako ijae wageni unaowapenda.

Kwa wale watakaomuulizia Jumatatu: kazi wameishika wengine, nayo inakwenda. Mjomba hatarudi.